KUHAMA NYUMBA: PATANA NA MWENYE LORI KWA MAANDISHI



Somo letu la leo ni la kuhama. Siyo kuhama kwa kubeba mkeka na sufuria kichwani. Ni kuhama na nyumba nzima: kitanda, magodoro, mabati, cherehani, magunia ya mahindi, plau, kuku na watoto.

Katika wilaya zetu mbili, Tarime na Serengeti, watu wanahama kila mwaka. Mwalimu anapelekwa shule nyingine. Mwuguzi anahamishiwa zahanati ya mbali. Kijana amepata shamba ng'ambo ya Mto Mara. Mjane anarudi kwa ndugu zake. Huko Nyamongo mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza kuzalisha mwaka 2002, na tangu hapo kaya zilizokuwa karibu na machimbo zimelazimika kutafuta makao mengine.

Watu wote hao wanahitaji gari, na wengi wao hawana. Basi wanakodi.

Kukodi lori si kama kununua chumvi. Ukinunua chumvi mbovu, umepoteza shilingi chache, kesho utanunua nyingine. Lakini siku ya kuhama, mali yako yote uliyoitafuta miaka ishirini iko juu ya gari la mtu usiyemjua. Usukani anao yeye. Ufunguo anao yeye. Wewe umebaki na nini? Umebaki na mapatano. Kama mapatano yako ni maneno ya mdomoni tu, upepo umeyachukua.

YALIYONIPATA MIMI

Mwaka 1996 nilikuwa nakaa kijiji kimoja upande wa Nyamwaga. Nikapata uhamisho kwenda Mugumu. Kazi yangu ilikuwa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Nataja kazi hiyo ili ujue kwamba hata mwalimu anaweza kufanya ujinga.

Nilikwenda stendi ya Tarime kutafuta gari. Kabla sijauliza mtu, kijana mmoja akanidaka. "Shikamoo mwalimu. Unatafuta gari? Gari lipo." Kumbe hakuwa mwenye gari, wala hakuwa dereva. Alikuwa dalali tu. Tukapatana bei kwa mdomo. Akataka nusu, nikampa nusu papo hapo. Sikuandika kitu. Hata jina lake sikumwuliza.

Lori liliahidiwa saa moja asubuhi. Lilifika saa tisa alasiri. Tukapakia haraka haraka, kwa maana mawingu yalikuwa yanajikusanya. Turubai halikuwepo. Tulipopita Nyamongo giza likaingia. Kabla hatujafika mtoni dereva akasimama kando ya barabara, akazima injini, akawasha sigara.

Hakuniita tena mwalimu. "Mura," akasema, "mzigo huu umezidi. Dalali hakuniambia kwamba una magunia. Ongeza hela, la sivyo nashusha hapa hapa."

Nilikuwa na mke wangu na watoto watatu. Mdogo alikuwa na miezi saba. Mvua inaanza kudondoka. Sasa we fikiri, ungefanya nini? Hela ya kuongeza sikuwa nayo. Dereva akapanda juu, akamulika tochi, akaona cherehani. "Naichukua hii rehani. Ukileta hela utaipata."

Tulifika Mugumu usiku wa manane. Vyombo vikashushwa, cherehani ikarudi na lori. Juma la pili nikapata fedha, nikasafiri mpaka stendi ya Tarime. Dalali hajulikani. Dereva simjui jina. Namba ya gari sikuandika. Nilizunguka pale siku mbili nikiangalia kila lori linaloingia, kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe.

Kwa cherehani ile mama watoto alikuwa akishona sare za shule. Ndiyo iliyokuwa ikinunua sabuni na mafuta ya taa. Hakunigombeza. Alisema maneno machache tu: "Unafundisha watu kuandika, na wewe hukuandika." Maneno hayo ninayo mpaka leo.

TULIVYOZOEA TANGU ZAMANI

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1974. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Mwaka uliofuata Operesheni Vijiji ikafika mkoa wetu wa Mara. Malori yalipita kubeba watu na vyombo vyao. Hapakuwa na kupatana bei, na orodha ya vyombo hakuna aliyeiwaza. Vyombo vya nyumba mbalimbali viliweza kurundikwa pamoja, na penye kushusha kila mtu anaokota anachokitambua. Mwenye kupotelewa na chungu au mlango, amwulize nani?

Sikumbushi mambo hayo ili kufufua lawama. Nayakumbusha kwa sababu tabia moja imebaki kwetu. Tunaona lori ni kitu cha kupanda na kushukuru. Tunamwogopa dereva. Hapana. Siku hizi kubeba mizigo ni biashara kama biashara nyingine, na wewe ndiye unayelipa. Anayelipa ana haki ya kuuliza.

KUTAFUTA GARI

Anza mapema, majuma mawili kabla ya siku ya kuhama. Mtu mwenye haraka hulipa bei ya haraka.

Usianzie stendi. Anzia kwa watu wanaokodi malori kila mara. Nani hao? Wafanyabiashara wa mahindi na ndizi. Wenye maduka ya mabati na saruji. Walimu waliohamia kijijini kwenu hivi karibuni. Hawa wanawajua madereva kwa tabia zao. Waulize maswali matatu: Je, alifika kwa saa aliyosema? Je, aliongeza bei njiani? Je, kilichoharibika alikilipa? Hili la tatu ndilo kubwa. Kila mwenye gari atavunja sahani siku moja. Mwaminifu ni yule anayekubali kwamba ameivunja.

Ukishapata majina mawili au matatu, nenda ukalione gari kwa macho yako. Usikubali kuambiwa "gari lipo." Gari lipo wapi? Zunguka ulitazame. Matairi yenye upara hayawezi kupanda vilima vya Tarime wakati wa mvua. Sakafu ya bodi ikiwa na matundu, miguu ya kitanda itazama humo. Uliza turubai, na litandikwe chini ulione. Turubai lenye matundu ni chujio.

Gari liwe kubwa kiasi gani? Nyumba ya vyumba viwili bila mazao mengi huenea katika kenta. Ukiwa na mabati, mbao na magunia, utahitaji lori kubwa zaidi. Kama unahama kijiji cha jirani tu, usione aibu kutumia trekta na trela, au mkokoteni wa ng'ombe. Mkokoteni wa jirani unayemjua ni bora kuliko lori la mgeni.

Ongea na dereva juu ya njia pia. Kutoka Tarime kwenda Mugumu kwa kupitia Nyamwaga na Nyamongo ni kama kilomita 87. Njia nyingine ni kushuka Kirumi, kuvuka Mto Mara kwa daraja kubwa la barabara ya Musoma, kisha Makutano, Butiama na Nata. Hiyo ni ndefu sana na inakula mafuta mengi. Miezi ya masika, Machi mpaka Mei, udongo mweusi wa mbugani hushika matairi kama ugali unavyoshika mwiko. Basi mwulize kabla: utapita njia ipi, na ukibadilisha njia nani atalipa mafuta? Kama siyo lazima, hama mwezi wa saba au wa nane. Barabara kavu, na shule zikifungwa watoto hawakosi masomo.

MAKARATASI NA NAMBA ZA GARI

Hapa ndipo kusoma kwako kunapofanya kazi.

Tazama kibao cha namba. Namba za magari ya Tanzania huanza na herufi T, zinafuata tarakimu tatu, halafu herufi tatu. Gari la biashara lina kibao cheupe. Gari la mtu binafsi lina kibao cha manjano. Ukiona lori la kukodisha lina kibao cha manjano, uliza kwa nini. Andika namba hiyo katika daftari lako siku ile ile, kisha siku ya kupakia itazame tena. Wapo wanaokuonyesha gari zuri siku ya kupatana, na siku ya safari linakuja jingine lililochoka.

Sisi tuko karibu na mpaka wa Sirari. Ukijiwa na gari lenye namba za nchi nyingine, nalo ni rahisi kuliko yote, jihadhari. Kubeba mzigo wa ndani ya nchi yetu si ruhusa yake bila kibali. Likikamatwa, vyombo vyako vimo humo humo.

Mwombe dereva akuonyeshe leseni yake ya udereva. Soma jina, soma tarehe ya mwisho. Omba kuona kadi ya gari, uone jina la mwenye gari. Omba kuona leseni ya kubeba mizigo kwa biashara. Leseni hiyo hutolewa na LATRA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua kazi za uchukuzi wa nchi kavu zilizokuwa za SUMATRA. Omba pia kuona bima. Dereva mwema hatakasirika. Atakayekuambia, "Mama, hunijui? Mimi ni mtoto wa hapa hapa," mjibu kwa adabu: "Nakujua, mwanangu, lakini nataka nisome."

Juu ya bima, watu wengi wanakosea. Ile bima ya lazima, inayoitwa bima ya mtu wa tatu, ni kwa ajili ya watu wengine watakaoumizwa na gari. Hailipi godoro lako wala kabati lako. Lori likipinduka kwenye korongo, bima ile haitakununulia kitanda. Ipo bima nyingine ya mizigo, lakini malori mengi ya huku kwetu hayana. Kwa hiyo andikeni ninyi wenyewe nani atalipa kitu kikiharibika.

BEI

Patana bei ya safari nzima, kutoka mlango wako wa zamani mpaka mlango wako mpya. Neno "mpaka Mugumu" halitoshi. Mugumu ipi? Stendi? Au nyumba iliyo mbali ng'ambo ya kijito? Dereva akifika stendi atasema kazi imekwisha.

Kisha uliza mambo yanayofichwa ndani ya bei. Wapakiaji analipa nani? Wakati wa kushusha je? Utingo anakula kwa nani? Gari likiharibika njiani, nani analeta jingine? Trafiki wakitoza faini kwa sababu ya taa mbovu, faini hiyo ni ya nani? Jibu la hili la mwisho ni rahisi. Taa ni zake, faini ni yake.

Mwonyeshe mzigo wote kabla ya kutaja bei. Usifiche magunia jikoni. Mimi sikumwonyesha dalali magunia yangu, na dereva alipata sababu. Haikuwa sababu nzuri, lakini nilimpa mimi.

Tabia ya kuongeza bei njiani haiko kwetu tu. Huko Marekani watu huhama kutoka jimbo hadi jimbo kwa maelfu ya kilomita, na makampuni ya kuhamisha vyombo ni mengi. Wadanganyifu wa huko hufanya kama dereva wangu: hupakia vyombo, kisha hukataa kushusha mpaka waongezewe. Serikali yao imeweka kanuni. Kampuni ikitoa makisio ya bei yasiyo ya mwisho, siku ya kushusha haiwezi kumlazimisha mwenye vyombo kulipa zaidi ya asilimia 110 ya makisio hayo. Akilipa kiasi hicho apewe vyombo vyake, mengine yadaiwe baadaye. Kwetu tunaweza kuandika sharti kama hilo wenyewe katika karatasi yetu.

Usilipe nusu kabla, wala usilipe yote. Toa kidogo cha mafuta, tuseme theluthi moja. Inayobaki ilipwe baada ya kushusha na kuhesabu. Ukituma kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujathibitisha. Lisome. Je, ni jina lile lile la kwenye mapatano? Kama si hilo, usibonyeze. Ujumbe wa malipo usiufute. Hiyo ndiyo risiti yako. Kwa kampuni iliyosajiliwa, dai pia risiti ya mashine.

ORODHA YA VYOMBO

Orodha iandikwe kabla lori halijafika, siyo wakati utingo anapiga kelele. Andika nakala mbili, moja yako na moja ya dereva.

Usiandike "masanduku 3." Andika: "Sanduku la bati, bluu, lina kufuli, namba 1." "Sanduku la mbao, halina kufuli, namba 2." Kila kitu kipige namba kwa chokaa au kwa mkaa, na namba hiyo iandikwe kwenye orodha. Vitu vidogo vitie ndani ya gunia, shona gunia, kisha lihesabu kama kitu kimoja. Fedha, vyeti vya shule, hati ya shamba, kadi za kliniki na kitambulisho cha taifa visipande lori. Hivyo vikae katika mkoba wako wewe.

Andika pia ubovu uliokuwepo. "Kabati, mlango wa kushoto una ufa." Hii ni haki ya dereva. Asije akalipa ufa wa mwaka juzi.

Tena orodha ina kazi nyingine, na huku kwetu ni kazi nzito. Wapo madereva wachache wanaotumia mzigo wa kuhama kuficha mzigo mwingine. Askari akiona vitanda, watoto na kuku, anahurumia. Kumbe chini ya godoro kuna magunia mawili ya bangi, au mirungi, au nyamapori kutoka hifadhini. Yakikamatwa, dereva atasema, "Mzigo ni wa huyu mama." Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 ina adhabu kali, na kesi za nyara za serikali si za mchezo. Kwa hiyo simama wakati wa kupakia tangu mwanzo mpaka mwisho. Kitu kisicho kwenye orodha kisipande. Dereva akisema, "Tupitie pale tuchukue kamzigo ka rafiki yangu," kataa. Gari umelikodi wewe.

Watu wasipande juu ya mzigo. Nimeona watoto wamekalia magodoro juu ya lori, wameshika kamba, wanacheka. Lori likikata kona wanaruka kama mbegu za pamba. Watoto, wajawazito na wazee waende kwa basi. Mtu mzima mmoja mwenye orodha akae mbele na dereva.

KAMA UNA MIFUGO

Ng'ombe wasichanganywe na vyombo. Lakini nitasema machache, kwa maana nani katika wilaya zetu anahama bila ng'ombe au mbuzi?

Mifugo haihami bila kibali. Nenda kwa afisa mifugo, awapime, akuandikie kibali cha kuwasafirisha. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 ndiyo inayosimamia jambo hili, ili ugonjwa usihame pamoja na ng'ombe. Pata pia barua ya serikali ya kijiji unakotoka, na mpelekee barua mtendaji wa kijiji unakokwenda. Katika barua iandikwe idadi, rangi, jinsia na alama za masikio.

Wote tunajua wizi wa ng'ombe ulivyotuumiza, Tarime na Serengeti. Ukionekana usiku na ng'ombe kumi bila karatasi, sungusungu hawatasubiri maelezo marefu. Dereva akikushauri msafiri usiku kwa sababu "mchana kuna usumbufu," huyo hakutakii mema. Mchana una usumbufu kwa asiye na kibali.

MFANO WA MAPATANO

Karatasi yenyewe si ngumu. Huhitaji mwanasheria. Kwa Sheria ya Mikataba ya nchi yetu hata mapatano ya mdomo yanaweza kuwa mapatano halali. Shida ni kuyathibitisha. Kwa mdomo, yeye atasema hivi na wewe utasema vile. Andika hivi kwenye karatasi ya daftari:

"Leo tarehe ........ mimi ........ wa kijiji cha ........ nimepatana na ndugu ........ mwenye leseni ya udereva namba ........ na simu namba ........ anibebee vyombo vyangu kwa gari namba T ........ mali ya ndugu ........

Atavitoa nyumbani kwangu ........ na kuvifikisha nyumba ya ........ kijiji cha ........ Atafika kupakia tarehe ........ saa ........

Bei ya kazi yote ni shilingi ........ Bei hii ni pamoja na kupakia, kushusha, mafuta na chakula cha utingo. Haitaongezwa njiani. Nimelipa kwanza shilingi ........ Nitalipa shilingi ........ baada ya kushusha na kuhesabu.

Vyombo viko katika orodha yenye vitu ........ Vitafunikwa kwa turubai. Gari likiharibika, mwenye gari ataleta jingine kwa gharama yake. Kitu kikipotea au kikivunjika kwa uzembe, thamani yake itapatanwa mbele ya mashahidi na kupunguzwa katika malipo ya mwisho. Nikichelewesha gari mimi zaidi ya saa ........ nitaongeza shilingi ........

Sahihi ya mwenye vyombo. Sahihi ya dereva. Shahidi wa kwanza. Shahidi wa pili."

Umeona lile sharti la mwisho? Linambana mwenye vyombo. Liweke. Dereva naye ana watoto, na siku yake ni fedha. Karatasi inayombana mtu mmoja tu haisainiwi kwa moyo.

Kama unasaini kwa dole gumba kwa sababu macho hayaoni vizuri, usiweke dole kabla hujasomewa na mtu wako mwenyewe, siyo mtu wa dereva.

MAMA MMOJA NA KARATASI YAKE

Mwaka 2021 mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la MUKEJA, mama mjane, alihama kutoka upande wa Mugumu kwenda kwa kaka zake Tarime. Alikuwa amejua kusoma kwa muda wa miaka miwili tu. Aliandika karatasi kama hiyo kwa mkono wake, mistari imepinda pinda, lakini inasomeka. Dereva alipoiona alicheka. "Shangazi, unanipeleka mahakamani kabla hata sijapakia?" Akasaini hata hivyo.

Bei ilikuwa shilingi 280,000. Alitoa 90,000 kwanza. Ikabaki 190,000.

Njiani mvua ilinyesha. Utingo alikuwa amefunika upande mmoja tu. Walipofika, magodoro mawili yalikuwa yanachuruzika maji na gunia moja la unga lilikuwa uji. Yule mama akaleta karatasi. Akasoma kwa sauti, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na kaka zake: "Vitafunikwa kwa turubai." Dereva akasema turubai lilikuwepo. Mama akasema, "Hapa imeandikwa vitafunikwa. Haikuandikwa turubai litakuwepo."

Wakapatana hasara ya shilingi 40,000. Akamlipa dereva 150,000.

Ndipo akaona ufa kwenye kabati. Akapandisha sauti. Dereva naye akatoa nakala yake mfukoni, akasoma polepole: "Kabati, namba 6, mlango una ufa." Ilikuwa mwandiko wa mama mwenyewe. Kaka zake wakacheka mpaka machozi, na ugomvi ukaisha pale pale. Dereva yule namfahamu. Siku hizi yeye ndiye anayedai karatasi kwa kila mteja. Anasema imemwokoa na magodoro ya watu yaliyolowa tangu nyumbani.

UKIDHULUMIWA

Usipigane na dereva barabarani. Piga simu kwa mashahidi wako na kwa mwenye gari. Anayeondoka na mali yako bila ridhaa yako, mpeleke polisi mara moja na namba ya gari mkononi. Likiwa ni deni au hasara, anzeni kwa serikali ya kijiji au baraza la kata. Mkishindwana, Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai kama hayo, na huhitaji wakili. Chukua karatasi, orodha, na ujumbe wa malipo. Mimi mwaka 1996 ningekwenda na nini?

ZOEZI

Fanya hesabu hizi katika daftari lako, kisha zijadilini darasani.

1. Nauli ya lori ni shilingi 360,000. Unatakiwa kutoa theluthi moja kwanza. Utatoa shilingi ngapi? Zitabaki ngapi?

2. Dereva wa kwanza anataka shilingi 300,000 kwa kazi yote. Dereva wa pili anataka 240,000, lakini utalipa wapakiaji wawili shilingi 15,000 kila mmoja wakati wa kupakia, na kiasi hicho hicho tena wakati wa kushusha, pamoja na chakula cha utingo shilingi 10,000. Yupi ni rahisi zaidi? Kwa shilingi ngapi?

3. Makisio ya bei yalikuwa shilingi 400,000. Kwa kanuni ile ya Marekani, dereva anaweza kudai shilingi ngapi kwa zaidi siku ya kushusha?

4. Orodha ina vitu 34. Vimeshushwa vitu 33. Dereva anasema ana haraka, alipwe kwanza, na kitu kimoja "kitapatikana tu." Andika sentensi tatu utakazomjibu.

5. Chukua karatasi moja. Andika orodha ya vyombo vya chumba unacholala, kwa namba, rangi na hali ya kila kimoja, kama vile lori linakuja kesho.